Binti Aliyeandika Hadisi ya Kutisha: Mary Shelley na Kitabu Chake «Frankenstein»



Katika parokia zetu nyingi kuna binti mwenye zawadi ya kusimulia. Jioni watoto wakimuzunguka, hawaombi hadisi ya sungura. Wanaomba ile ya mufu aliyerudi nyumbani kwake, ao ile ya sauti inayoita mutu kwa jina lake katika pori. Binti huyo amesoma, na sasa anaandika hadisi zake katika kaye. Siku moja anakuja kwa padri, ao kwa katekista wa mutaa wake, na kuuliza: «Je, kazi hii inafaa kwa mukristu? Na mwanamuke anaweza kuifuata maisha yake yote, ikamupa jina na mukate?» Nasi mara nyingi tunajibu mbele ya kusoma hata ukurasa mumoja: «Mwanangu, acha mambo ya giza, andika maisha ya Watakatifu.»

Jawabu hilo si baya. Lakini ni la haraka, na mambo ya roho hayapimwi kwa haraka. Kwa hiyo tunataka leo kulipima kwa mufano wa kweli: mufano wa binti wa Uingereza aliyeanza kuandika hadisi ya kutisha akiwa na miaka 18, na ambaye watu wangali wakimusoma nyuma ya miaka 200. Jina lake ni Mary Shelley, na kitabu chake ni Frankenstein. Wengi wetu tunajua jina hilo kwa sababu ya sinema tu. Tuliosoma kitabu ni wachache. Tena wengi wanazani kwamba Frankenstein ni jina la zimwi lenyewe. Sivyo: ni jina la kijana aliyelifanya. Zimwi halina jina, na tutaona kwamba hapo ndipo penye siri ya kitabu.

I. Binti huyo alikuwa nani

Mary alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Baba yake William Godwin na mama yake Mary Wollstonecraft walikuwa wote wawili waandikaji wenye sifa. Mama alikuwa ameandika juu ya haki za wanawake. Lakini mama huyo alikufa siku chache nyuma ya kumuzaa. Basi mutoto alikua katika nyumba yenye vitabu vingi na yenye kiti kimoja kitupu.

Hatutaficha makosa yake. Katika mwaka 1814, mbele ya kufikisha miaka 17, alitoroka pamoja na mushairi Percy Bysshe Shelley, mwanaume mwenye bibi wa ndoa. Bibi huyo alikufa majini katika mwaka 1816, na tarehe 30 Desemba ya mwaka ule ule Mary na Percy wakafunga ndoa. Mambo hayo yalileta machozi mengi, na hakuna mchungaji wa roho anayeweza kumwambia binti: «Fuata njia hiyo.» Lakini tuangalie vile vile mateso yake. Mutoto wake wa kwanza, mutoto mwanamuke aliyezaliwa mbele ya wakati katika Februari 1815, alikufa nyuma ya siku chache tu. Mama huyo wa miaka 17 aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba aliota ndoto: mutoto hakufa, alishikwa na baridi tu, wakamusugua karibu na moto, akawa muzima. Kisha akaamka, na mutoto hayuko.

Tukumbuke ndoto hiyo. Nyuma ya mwaka mumoja na miezi michache, alianza kuandika hadisi ya mutu anayetaka kutia uzima katika mwili wa wafu. Hadisi hiyo haikutoka kwa waganga wala katika michezo ya giza. Ilitoka katika kidonda cha mama.

II. Namna alivyofanya kazi

Katika Juni 1816 Mary alikuwa Uswisi, karibu na ziwa la Geneva. Volkano Tambora, katika inchi ya Indonesia, ilikuwa imepasuka katika Aprili 1815, na majivu yake yaliharibu hewa hata mwaka 1816 ukaitwa huko Ulaya mwaka usio na wakati wa joto. Mvua iliwafunga ndani. Katika nyumba ya mushairi Lord Byron walisoma hadisi za mizimu za Wajerumani zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, na Byron akasema: kila mutu hapa aandike hadisi yake. Mary alisimulia mwenyewe, katika mwaka 1831, kwamba siku zikapita, kila asubuhi wakimuuliza kama amepata, naye kila asubuhi akijibu kwamba hajapata. Ndipo usiku mumoja, bila kulala sawasawa, akaona katika mawazo kijana mwenye elimu amepiga magoti kando ya kitu alichokiunga, na kitu kile kikaanza kutikisika.

Watu hupenda kusimulia usiku ule, kana kwamba kitabu kilianguka kutoka juu. Sisi tunapenda zaidi kusimulia miezi iliyofuata. Mary alifanya kazi karibu mwaka muzima. Makaye yake yamehifazika Oxford, na ndani yake tunaona mukono wake wenyewe, maneno aliyoyafuta, na masahihisho ya Percy pembeni. Kitabu kilipokwisha, muchapaji John Murray alikikataa. Mwingine tena alikikataa. Mwishowe nyumba ya Lackington ilikubali, na tarehe 1 Januari 1818 kikatoka katika vitabu vitatu, nakala 500 tu, bila jina la mwandikaji.

Bila jina! Wasomaji walifanya nini? Waliona dibaji, iliyoandikwa na Percy; wengi wakasema kitabu kizima ni chake. Walter Scott, mwandikaji mukubwa wa Uskoti, alikisifu, lakini alizani anamusifu Percy. Gazeti moja la London lilisikia kwamba mwandikaji ni mwanamuke, na likasema kwamba jambo hilo linazidisha ubaya wa kitabu. Tutazame vizuri: ukurasa ule ule, ukiwa wa mwanaume ulionekana kuwa na nguvu, na ukiwa wa mwanamuke ulionekana kuwa na haya kidogo. Hiyo si hukumu juu ya kitabu. Ni hukumu juu ya nguo.

Na katika nyumba ile ya Uswisi kulikuwa kijana mwingine aliyeanza kuandika: daktari John Polidori, mutoto wa jamaa ya Kikatoliki, aliyesoma Ampleforth kwa wamonaki Wabenedikto. Yeye aliandika hadisi ya vampiri, mufu anayekunywa damu ya watu. Ilipotoka katika gazeti mwaka 1819, iliwekwa chini ya jina la Byron. Polidori alikufa mwaka 1821, akiwa na miaka 25. Basi vijana wawili walianza pamoja, na wote wawili kazi yao ilihesabiwa kuwa ya mukubwa aliyekaa karibu nao. Tofauti ni hii: Mary aliendelea.

Katika Julai 1822 Percy alizama katika bahari ya Italia. Mary akabaki mujane wa miaka 24. Watoto watatu alikuwa amekwisha kuwazika. Mumoja alibaki, Percy Florence. Baba-mukwe, Sir Timothy, alitoa pesa kidogo kwa ajili ya mujukuu, na hakutaka jina la mwana wake litangazwe katika vitabu. Basi Mary akarudi Uingereza na kuishi kwa kalamu. Katika mwaka 1823 wachezaji wa London walicheza Frankenstein katika teatro. Baba yake alitumia nafasi hiyo na kuchapisha kitabu mara ya pili, na sasa jina la Mary likaonekana. Katika 1826 alitoa The Last Man, hadisi ya tauni inayomaliza wanadamu hata abaki mutu mumoja tu. Waliokihukumu wakati ule walikicheka, lakini leo kinasomwa tena. Kisha akaandika romani nyingine, hadisi fupi za vitabu vya mwaka, na habari za maisha ya watu wakubwa wa Italia, Hispania, Ureno na Ufaransa kwa ajili ya ensiklopedia moja. Katika 1831 alisahihisha Frankenstein na kuweka dibaji yake mwenyewe. Alikufa London tarehe 1 Februari 1851.

Huyo ndiye jawabu kwa binti anayeuliza juu ya mukate. Ndiyo, kalamu yaweza kulisha. Lakini hadisi moja ya kutisha haikumulisha Mary. Kilichomulisha ni kukaa mezani kila siku kwa miaka mingi, na kukubali kazi ndogo bila kuzizarau.

III. Kitabu chenyewe

Sasa tuingie ndani ya kitabu. Victor Frankenstein, kijana wa Geneva, anakwenda kusoma katika chuo kikubwa cha Ingolstadt. Anavumbua siri ya uzima. Anakusanya mifupa na viungo, anaunga mwili wenye urefu wa futi 8, na usiku mumoja wa Novemba mwili ule unafungua jicho. Na Victor anafanya nini? Anakimbia. Kwa sababu kiumbe chake ni kibaya kwa sura, anakiacha peke yake katika chumba na kwenda kujitupa kitandani.

Wandugu, mwenye kusoma Kitabu cha Mwanzo hawezi kupita hapo bila kusimama. Mungu alimufanya Adamu kwa mavumbi, akamupulizia pumzi, akamuwekea bustani, akamupa mwenzake. Hata nyuma ya zambi alimutafuta kati ya miti na kumuita, na mbele ya kumutoa nje alimufanyia mavazi ya ngozi. Victor hapulizi baraka, hatoi jina, havishi. Mungu anamutafuta kiumbe aliyejificha. Victor anajificha ili kiumbe asimupate. Mary hakuandika kitabu cha teolojia, na nyumba aliyolelewa ilikuwa mbali na Kanisa. Lakini alijua ubaya wa muumba asiye na upendo, na kwa njia hiyo anatuonyesha, kama katika kioo kilichogeuzwa, Muumba wa kweli namna alivyo.

Kiumbe kinakimbilia porini. Kinajificha kando ya nyumba ya jamaa moja masikini, kinajifunza lugha kwa kuwasikiliza, kinawakatia kuni usiku bila kujulikana. Siku moja kinasubutu kuingia kwa babu wa nyumba, aliye kipofu. Babu anakipokea vizuri, kwa maana anasikia maneno tu. Vijana wanarudi, wanaona sura, wanakipiga. Tangu siku ile moyo wake unaanza kugeuka, na damu inamwagika: ya ndugu mudogo wa Victor, ya rafiki yake, ya bibi yake usiku wa arusi. Mwisho wao ni katika barafu ya kaskazini, muumba na kiumbe wakifukuzana.

Uzuri mukubwa wa kitabu uko katika ujenzi wake. Nahodha Walton anaandika barua. Ndani ya barua anasema Victor. Ndani ya maneno ya Victor, katikati kabisa, kiumbe chenyewe kinasema. Mwandikaji wa kawaida angeliacha zimwi lingurume tu. Mary alilipa maneno, tena maneno mazuri kupita ya bwana wake. Na musomaji aliyeanza kwa kuliogopa zimwi anamaliza akiogopa jambo lingine: kuwa yeye mwenyewe Victor.

Tulifundishwa katika seminari kutenganisha timor servilis na timor filialis, hofu ya mutumwa na hofu ya mwana. Mutumwa anaogopa fimbo. Mwana anaogopa kumuuzi baba. Tunaona kwamba tofauti hiyo inafaa kupima hadisi zote za kutisha. Kuna hadisi inayomuacha musomaji akimuogopa jirani yake. Kuna nyingine inayomuacha akiogopa ubaya wa moyo wake mwenyewe. Ya kwanza ni sumu. Ya pili yaweza kuwa dawa.

IV. Makosa ya kitabu

Kusifu bila kupima si kazi yetu. Kitabu hiki kina matundu. Kiumbe kinaokota porini sanduku lenye vitabu vitatu, na vyote vitatu ni vile hasa vinavyohitajika kwa malezi yake: Plutarco, Milton na Goethe. Bahati hiyo ni kubwa mno. Safari za Victor katika Uingereza ni ndefu, na milima inaelezwa mara nyingi kupita kiasi. Tena, jambo la kushangaza kwa kitabu cha mwanamuke: wanawake waliomo wanasema kidogo na wanakufa mapema. Elizabeth ni mwema, lakini hatumujui sana. Mwandikaji alikuwa kijana bado, na ujana unaonekana.

Lakini makosa hayo ni ya fundi anayejifunza. Si makosa ya mutu anayecheza na uovu. Hakuna pahali hata pamoja ambapo kuua kunapendezwa, wala damu haimwagwi ili kufurahisha macho.

V. Ukurasa wa mapadri

Kuna sehemu moja ambayo tungependa kila padri na kila fratri aisome polepole. Ni ile ya Justine, mutumishi wa nyumba ya Frankenstein. Zimwi limeua mutoto na kuweka picha yake ndogo katika nguo za Justine. Anashitakiwa. Hana zambi hiyo, lakini anakiri. Kwa nini? Yeye mwenyewe anaeleza: padri wake wa kitubio alimusonga na kumutisha, akimwambia atatengwa na Kanisa na kutupwa katika moto wa milele, hata akaanza kuzani kwamba yeye kweli ni zimwi. Akaungama uongo, na akauawa.

Tukubali uchungu wa ukurasa huo. Mutu anaweza kusema kwamba Mary, asiyekuwa Mukatoliki, alipenda kuwasingizia mapadri. Labda. Lakini tujiulize mbele ya Mungu: je, haiwezekani mutumishi wa Mungu kumutisha masikini hata ajione kuwa zimwi? Tunaishi katika inchi ambamo watoto wengi walifukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na katika miji mikubwa kama Kinshasa tumewaona barabarani. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakataza kumushitaki mutoto juu ya uchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inaweka azabu kwa mwenye kufanya hivyo. Lakini sheria haifiki kwenye moto wa jioni, pahali watu wanaponong'ona. Watoto wale waliharibiwa na hadisi ya kutisha, ile ya namna ya kwanza, inayosema: «Angalia sura yake, ni yeye.» Hadisi hiyo haikuandikwa katika kitabu, na mwenye kuitunga hajulikani. Ilitoka kinywa kwa kinywa, na mara nyingine ilisemwa hata na watu wanaojiita wachungaji.

Ni nani basi atakayeishinda? Hotuba yetu, ndiyo. Lakini vile vile binti yule mwenye kaye, kama anajua kusimulia hadisi ya pili: ile ambamo mutoto anayeogopwa anapewa nafasi ya kusema.

VI. Tumujibu namna gani

Kanisa halikutuachia jambo hili bila mwanga. Mutakatifu Basili aliwafundisha vijana kusoma vitabu vya wapagani kama nyuki, asiyekwenda kwa kila ua wala asiyechukua yote. Mutaguso wa Vatikano II, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulisema kwamba fasihi na ufundi ni vya samani kubwa kwa maisha ya Kanisa. Mutakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake kwa mafundi ya mwaka 1999, alifundisha kwamba hata wanapochungua kilindi cha giza cha roho na uovu, wanaweza kuwa sauti ya hamu ya wokovu. Na Baba Mutakatifu Fransisko, katika Julai 2024, aliandika barua nzima juu ya fasihi katika malezi, akiwaza kwanza juu ya sisi tunaojitayarisha kwa upadri.

Kwa hiyo, wandugu, binti atakapokuja na kaye yake, tunapendekeza hivi. Kwanza, tusome mbele ya kusema. Pili, tumuulize hofu gani anataka kuacha katika moyo wa musomaji, na nani katika hadisi yake hapewi nafasi ya kusema. Tatu, tumwambie ukweli juu ya kazi: kwamba wachapaji watakataa, kwamba pesa ni kidogo, kwamba afazali awe na kazi nyingine ya mikono ao ya masomo pamoja na kalamu. Nne, aweke jina lake mwenyewe juu ya kazi yake, asimuachie mukubwa fulani aichukue. Tano, tumulinde yeye mwenyewe: mwenye kuangalia giza kila siku anahitaji sala, sakramenti na marafiki wema. Mary alipokuwa na miaka 17 alizika mutoto wake, na hatusomi kwamba kulikuwa padri mulangoni.

Kisha tumurudishie kaye yake, si kwa kuikunja na kuinyosha kwa ncha za vidole kama kitu kichafu, lakini kwa mikono miwili, tukimwambia ni ukurasa gani ulitutisha na kwa sababu gani.